Ziara ya Mvua na Mama Mkwe

Kwa miaka ishirini na miwili ya kuwaongoza watalii alikuwa akiwacheka, na aliwacheka kwa ustadi: ndani ya tumbo, uso ukiwa mkavu kama wa hakimu. Aliwacheka waliovaa makoti yenye mifuko kumi na minne na hawana cha kutia hata katika mmoja. Aliwacheka waliouliza mlima ule hufungwa saa ngapi. Zaidi ya wote aliwacheka wale wa kupotea, maana katika kila kundi, uliombee dua usiliombee, yupo mmoja ambaye mkisema tunaondoka, yeye ndio kwanza yuko kichakani anapiga picha kichuguu. Kazini walimwita Darubini, kwa kuwa alijigamba hakuna chenye manyoya wala magome asichokitambua kwa mbali. Ukweli ni kwamba jina hilo alijipa mwenyewe, akalisambaza kwa siri, mpaka likamrudia kama la kupewa.

Kwa hiyo shemeji yake, mdogo wa mkewe, alipoweka tiketi mbili mezani katikati ya chupa za maziwa ya mtoto na kusema, "Kesho mnakwenda kutembezwa mashambani, wewe na mama," Darubini alicheka kwa sauti.

"Mimi? Kutembezwa?"

"Wewe. Mama ana wiki tatu, hajaona kitu nchi hii isipokuwa nepi. Na wewe, shemeji, samahani, umeshakaza bawaba za milango yote humu ndani. Jana nimekukuta unakaza ya friji. Tokeni kidogo, mkapunge upepo."

Huko ugenini alikwenda kama msindikizaji. Shemeji alijifungua mtoto wa kwanza, mama mkwe akatakiwa kwenda kumsaidia, na mama mkwe hakuwahi kupanda ndege. Mke wa Darubini ni mwalimu na mitihani ilikuwa mlangoni, hivyo akasema, "Mume wangu, kazi yako si kuongoza watu? Basi muongoze mama." Lilikuwa jambo dogo kwa maneno. Lakini katika miaka kumi na moja ya ndoa, Darubini na mama mkwe wake walikuwa wameishi kwa heshima tupu. Yeye husema, "Shikamoo, mama." Mama hujibu, "Marahaba, mkwe. Hamjambo?" Baada ya hapo kila mmoja hutafuta dirisha lake la kuchungulia. Kwenye ndege walikaa saa tisa bega kwa bega, na yote waliyosemeshana yangeenea nyuma ya bahasha ndogo.

Asubuhi ya safari mvua ilikuwa inanyesha. Shemeji alimletea Darubini koti zito la mvua la mumewe na mabuti yake. Darubini akaupungia mkono mzigo ule.

"Hiyo mvua gani? Huo ni umande uliochelewa. Mimi nimefanya kazi kwenye mvua zinazong'oa madaraja."

Akavaa viatu vyake vipya vya ngozi laini, rangi ya kahawia, alivyovinunua makusudi ili ndugu za mkewe wasiseme wamepelekewa mtu wa porini. Akajitazama kwenye kioo cha korido, akaridhika.

Ndipo mama mkwe akatoka chumbani. Chini alikuwa na mabuti ya mpira ya jirani, yamempita namba mbili, kayajaza soksi. Mwilini koti la binti yake, na juu ya koti kajifunga kitenge. Kichwani, juu ya kilemba, kavaa mfuko wa nailoni na kuufunga fundo chini ya kidevu. Mkononi mwavuli mweusi wenye mpini wa kupinda, mkubwa kiasi cha kufunika genge la mboga. Alionekana kama mtu aliyeitwa kuhamisha mto.

"Mama," Darubini akaanza, kwa upole wa mkwe, "labda huo mfuko wa kichwani..."

"Una nini?"

"Hauna kitu, mama."

Basi lilikuwa dogo, la viti ishirini na vinne. Mwongozaji alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, koti la njano, kipaza sauti kidogo kimemning'inia shavuni. Darubini alimfuata kabla hata hajakaa, akamwambia kwa lugha yao, ambayo aliizungumza vizuri kwa kuwa ndiyo iliyomlisha, "Mimi mwenzako. Nami naongoza wageni, huko kwetu. Mwaka wa ishirini na mbili huu."

Mwongozaji akatabasamu. Darubini alilijua tabasamu lile. Ndilo alilompa kila mgeni aliyemwambia kuwa huko nyumbani huangalia sana vipindi vya wanyama. Alilijua, lakini siku hiyo akaliona kama la kweli, akajipa kiti cha mbele nyuma ya dereva. Kiti cha pembeni yake kilikuwa na begi la huduma ya kwanza.

"Mimi nitakaa huku nyuma, mkwe, usijisumbue," mama mkwe akasema, akaenda dirishani, safu ya nne.

Darubini hakujisumbua.

Wakaondoka mjini, wakaingia mashamba. Mwongozaji alieleza habari za kuta za mawe zilizokata vilima vipande vipande, kuta zisizo na saruji wala udongo, jiwe limelalia jiwe. Kila alipomaliza sentensi, Darubini aligeukia waliokaa nyuma yake na kuongeza ya kwake. Waliokaa nyuma yake ni mzee mmoja na mkewe, wote wastaafu, makoti yao ya kufanana kama sare. Walikuwa watu wa adabu, wakaitikia kila kitu kwa kichwa. Kufikia saa nne Darubini alikuwa amewaeleza jinsi kuta zinavyojengwa, jinsi ambavyo zingejengwa vizuri zaidi, na habari za ukuta mmoja alioujenga mjomba wake.

Kituo cha kwanza kilikuwa mahali pa kutazamia mandhari. Wakashuka, wakajipanga kwenye reli ya chuma.

"Mbele yenu," akasema mwongozaji, "kuna maziwa matatu. La katikati lina kisiwa. Nyuma yake ndiyo safu ya milima yetu mirefu kuliko yote."

Mbele yao palikuwa na ukungu. Haukuwa ukungu wa kupita. Ulikuwa umetundikwa pale kama shuka kwenye kamba, tangu juu hadi chini. Watu wakautazama kwa heshima. Kisha mzee akatoa simu akaupiga picha, na mkewe akampiga picha mzee akiwa na ukungu. Darubini, ambaye angeona mgeni wake akipiga picha ukungu angekuwa na hadithi ya wiki nzima, alijikuta naye kaupiga picha nne. Moja aliipiga kwa taa ya simu.

Wakati wanarudi garini, kijana mmoja mwenye kamera ndefu akanyoosha kidole juu ya shamba. "Ndege gani yule?"

Ndege mkubwa alikuwa hewani, mabawa wazi, anapigana na upepo bila kuondoka mahali pake. Mwongozaji akafungua mdomo. Darubini akamtangulia.

"Mwewe huyo," akasema, na sauti yake ya kazi ikamrudia, ile ya tumboni. "Dume. Tazameni anavyotuliza kichwa. Kaona windo. Msitikisike. Sasa hivi atashuka kama jiwe."

Kundi zima likasimama kwenye mvua kungoja jiwe. Dakika ikapita. Ya pili. Maji yalianza kupenya kwenye viatu vya ngozi laini, kwanza kidole gumba cha kushoto, kisha wenzake. Ya tatu. Mwewe alibaki pale pale, ana subira ya ajabu.

Mwongozaji alisubiri mpaka ilipokuwa dhahiri Darubini hana zaidi. Ndipo akasema, taratibu, "Ni kidude cha plastiki. Mkulima amekifunga kwa kamba kwenye mlingoti, kinatishia kunguru."

"Kimetengenezwa vizuri," Darubini akasema.

"Vizuri sana," akajibu mwongozaji.

Mtu fulani nyuma akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Mama mkwe, chini ya mwavuli wake, akasogea. "Mkwe, wanacheka nini?"

"Hakuna kitu, mama. Habari za ndege tu."

Akarudi kiti chake cha mbele. Mzee wa nyuma yake, kwa huruma, akamuuliza swali kuhusu ukuta wa mjomba.

Saa sita wakafika penye maporomoko ya maji. Ilikuwa kutembea dakika ishirini kwenda na ishirini kurudi, na mwongozaji akataja masharti: mfuate mawe yaliyopakwa chokaa, msiruke ukuta, msifungue geti. Darubini aliyasikiliza kama fundi anavyomsikiliza mtu anayemweleza nyundo inashikwa wapi. Masharti hayo hayo aliyasema kila siku ya Mungu, kwa mpangilio huo huo, hata na mzaha ule ule mwishoni.

"Mama abaki kwenye gari," akamshauri mama mkwe. "Njia inateleza."

"Nimetoka nyumbani kuja kukaa kwenye gari?"

Akashuka, akaanza kwenda, buti moja baada ya jingine, bila haraka. Mke wa mzee alipoona mwavuli ule akaomba hifadhi kwa macho. Mama akamkaribisha kwa kiwiko. Wakaenda hivyo, wanawake wawili wasiojua lugha moja, wanazungumza kwa mikono, na kwa dalili zote wanaelewana.

Darubini alikuwa na imani moja kuhusu picha: picha nzuri haiko njiani. Njiani kuna picha za kila mtu. Walipokaribia maporomoko, aliona upande wa kulia, ng'ambo ya ukuta mfupi, uwanda mdogo wa majani, laini, kijani kibichi kabisa, kama zulia lililotandikwa kwa ajili ya mgeni rasmi. Kutoka pale, alihesabu, maji yangeonekana kwa ubavu. Picha ile angeitundika ofisini. Wenzake wangemuuliza uliipataje, naye angesema, "Ni kujua pa kusimama tu."

Sasa, ipo sentensi moja ambayo Darubini amewaambia wageni labda mara elfu tatu. Inasema hivi: majani yakiwa kijani kupita kiasi, chini kuna maji. Aliikumbuka vizuri, lakini alikuwa hewani tayari, anaruka ukuta.

Hatua tatu za kwanza zilikuwa njema. Ya nne ardhi ilimpokea. Haikumwangusha wala kumtelezesha. Ilimpokea kimya kimya, mpaka katikati ya paja, kama mtu anayetia mguu kwenye suruali kubwa. Akatia mguu wa pili ili autoe wa kwanza, na huo nao ukapokelewa. Akavuta kwa nguvu zake zote. Kitu kimoja kikabaki chini, nacho kilikuwa kiatu cha kulia. Kitu kingine kikaachia juu, kwa mlio mrefu wa kitambaa, nacho kilikuwa suruali, mshono wa nyuma, tangu mkandani hadi panapostahili sitara.

Kondoo wakaja. Kumi na mmoja, aliwahesabu, maana hakuwa na kazi nyingine. Wakasimama nusu duara, mvua inawachuruzika, wanamtazama huku wanatafuna. Hivyo ndivyo wageni wanavyotazama, akawaza. Hata kutafuna ni kule kule.

Filimbi ikalia. Aliijua maana yake: watu wanahesabiwa. Alisikia sauti ya mwongozaji ikifika kumi na tano, ikasimama, ikaanza upya kutoka moja. Ikasimama tena kumi na tano. Darubini akakusanya pumzi ili apige kelele, kisha akakwama kwenye suala la apige kelele gani. "Msaada" lilikuwa neno zito mno kwa mtu wa taaluma yake. Mwishowe akaita, kwa sauti ya mwanafunzi anayeitikia jina darasani, "Nipo!"

"Mkwe!"

Angependa aje mtu yeyote. Aje mwongozaji, aje dereva, waje polisi na mbwa wao. Lakini kilichochomoza juu ya ukuta ni mfuko wa nailoni, chini yake uso wa mama mkwe, na baada ya hapo buti moja, kisha la pili. Mama akaja mpaka ukingo wa kijani, akasimama hapo hapo, hakuongeza hata inchi.

"Unafanya nini huko?"

"Napiga picha, mama."

"Ya nini?"

"Ya maporomoko."

Mama akageuza kichwa kutazama maporomoko. Kutoka pale yalikuwa yamefichwa yote na mti. Akamrudishia macho mkwewe.

"Acha kupapatika. Unavyopapatika ndivyo unavyozama. Lala."

"Nilale, mama?"

"Lala kifudifudi, utambae. Nimelima mpunga miaka thelathini, mkwe. Wewe matope umeyasomea wapi?"

Darubini akalala. Matope yana ubaridi wake, lakini ubaridi ule uliingia tumboni na kukaa kama umepanga chumba. Mama akageuza mwavuli, akamnyooshea ule mpini wa kupinda. "Shika."

Akaunyoosha mkono, kisha akausitisha. "Mama, samahani. Naomba ugeuke."

"Nigeuke niende wapi?"

"Suruali, mama. Imepasuka."

"Wapi?"

"Mama!"

Mama akaelewa. Akawageukia kondoo, akampa mkwewe mgongo, mwavuli kaushika kwa mikono miwili kupitia begani, akaanza kuvuta huku anatembea, kama mtu anayemtoa ng'ombe mkaidi mnadani. Matope yakatoa sauti isiyofaa kusikika mbele ya mkwe. Darubini akasogea kiasi cha kiganja. Akasogea tena. Mwongozaji na dereva walipofika mbio wakamdaka makwapani, na kwa nguvu za watu watatu ardhi ikakubali kumwachia, bila kiatu. Mwavuli ulikuwa umegeuka ndani nje na kubaki vyuma.

Mama, bado anawatazama kondoo, akafungua kitenge chake kiunoni na kukirusha nyuma. "Jifunge."

Akajifunga. Kilikuwa na picha za vifaranga.

Waliporudi barabarani, watu walimpigia makofi. Walikuwa watu wema, walidhani wanampa moyo. Mwongozaji hakumgombeza. Alimwambia tu, "Usijali, hutokea mara nyingi," na Darubini, ambaye maneno hayo huwaambia wote, akajua hayajawahi kutokea.

Kiti cha mbele hakikumfaa tena, wala yeye hakukifaa. Dereva alitandika plastiki kwenye benchi la nyuma kabisa, Darubini akakaa juu yake kama samaki aliyefungwa wa kupelekwa nyumbani. Kisha akaona mama mkwe anainuka dirishani kwake, safu ya nne, anakuja, anakaa kando yake. Mama akafungua fundo la kidevuni, akavua mfuko wa nailoni, akampa.

"Vaa mguuni. Usishikwe na baridi."

Akavaa. Gari likaondoka. Wakakaa kila mmoja na dirisha lake, kama kawaida. Baada ya muda Darubini akahisi benchi linatetemeka. Akaogopa kwamba mama anatetemeka kwa baridi kwa sababu ya kitenge, au, Mungu apishe mbali, analia. Akathubutu kugeuka. Mama mkwe alikuwa amekaza midomo, macho mbele, uso mkavu, na mabega yanapanda na kushuka. Alikuwa anacheka. Na alicheka kifundi, kwa mtindo ambao Darubini aliamini yeye peke yake ndiye anayeuweza. Kisha pumzi ikamponyoka kwa sauti, akashika kiti cha mbele yake, machozi yakamtoka, na katika miaka kumi na moja ndiyo mara ya kwanza Darubini kuona kwamba mama mkwe wake ana pengo dogo upande wa kushoto.

"Nisamehe, mkwe," akasema alipoweza. "Ni vile uliposema unapiga picha."

"Cheka tu, mama. Hata kondoo walijizuia sana."

Hapo ikawa balaa, wakacheka wote wawili mpaka mzee na mkewe wakageuka na kuanza kutabasamu bila kujua wanatabasamia nini.

Walipotulia, mama akajifuta macho kwa ncha ya kilemba. "Mkwe, nikuulize kitu."

"Niulize, mama."

"Tangu asubuhi, yule binti anasema nini?"

Darubini akapiga hesabu. Tangu asubuhi. Saa tano nzima. Watu kumi na watano walikuwa wameelezwa kila jiwe, na waliokaa karibu naye wameelezwa mara mbili, na kuongezewa habari za mjomba. Na mtu mmoja tu ndani ya gari, yule aliyekabidhiwa mkononi tangu uwanja wa ndege wa kwao, alikuwa hajaambiwa neno.

"Pale kwenye reli ya chuma," mama akaendelea, bila lawama, kama mtu anayesimulia, "nilijiambia, labda hapa ndipo wanapoonyesha ukungu. Kila nchi na yake. Nikautazama vizuri ili nikawasimulie nyumbani."

"Kulikuwa na maziwa matatu, mama. Nyuma ya ukungu."

"Eti!"

"Na milima. Kwa nini hukuniuliza?"

"Ulikuwa na wageni," mama akasema.

Ndani ya kitenge cha vifaranga, Darubini akajisikia mdogo kiasi cha kuweza kupita chini ya kiti. Mambo ya kinamasi yalikuwa aibu ya suruali, hiyo unashona. Hili la wageni halikuwa na mshono. Hakutafuta maneno ya kujitetea, maana yote aliyoyapata yalianza na "mimi". Akaanza tu upya, tangu walipotoka mjini, kwa sauti ya chini: kuta za mawe, na kwa nini hazianguki, maziwa, na kisiwa cha katikati. Alipofika kwenye ndege alitamani kuruka, lakini mama aliuliza, "Na pale mliposimama kungoja?" ikambidi amweleze hata mwewe wa plastiki. Mama akashika kiti cha mbele tena.

Kituo cha mwisho kilikuwa banda la kunyolea kondoo. Mkulima mwenyewe, mtu mnene mwenye mashavu mekundu, aliwaonyesha marundo ya sufu kwa sauti ya anayesoma orodha ya mahudhurio. Ilionekana wazi kuwa ameyasema hayo mpaka yamemchosha. Watu wakagusagusa sufu, wakauliza kama kondoo huhisi maumivu. Wakawa tayari kuondoka.

"Mkwe," mama akanong'ona, "muulize. Wakilala kwenye maji hivi mwaka mzima, kwato haziwaozi?"

Darubini akatafsiri. Mkulima akasimama. Akamtazama yule mama wa mabuti makubwa, akaja karibu.

"Zinaoza," akasema. "Ndilo linalonisumbua kuliko yote. Amejuaje?"

"Anauliza umejuaje, mama."

"Mwambie tulikuwa na mbuzi bondeni. Muulize anawatibu na nini."

Mkulima akataja neno ambalo Darubini hakuwahi kulisikia. Akaligeuzageuza kichwani. Miaka ishirini na miwili, hakuwahi kusimama mbele ya kundi akakosa neno, alipokosa, alilitunga. Watu wote walikuwa wanamtazama, mguu mmoja kiatu, mguu mmoja nailoni.

"Sijui neno hilo," akasema. "Nieleze ni kitu gani."

Na mbingu hazikuanguka. Mkulima akaenda kuleta ndoo yenye unga wa buluu, akamkamata kondoo mmoja, akamkalisha kitako na kumgeuza mguu. Mama akachuchumaa, akaishika kwato, akaibonyeza kwa kidole gumba, akainusa. Akasema kwao walikuwa wanakata hapa, si pale. Mkulima akabisha. Mama akashikilia. Wengine wakazunguka, kamera ndefu ikashushwa, mwongozaji mwenyewe akakunja goti kuona vizuri. Darubini alitafsiri kwenda na kurudi mpaka koo likakauka. Mara moja tu, mkulima alipovuta pumzi, akatia na la kwake kuhusu udongo wa mabondeni.

Mama akainua uso. "Hayo kasema yeye au wewe?"

"Mimi, mama."

"Basi ngoja kwanza amalize yeye."

Akangoja. Walikaa pale nusu saa zaidi ya ratiba, na hakuna aliyetazama saa. Walipoagana, mkulima alimpa mama kopo la ule unga wa buluu, mama akalipokea kwa mikono miwili na kumwambia, kwa Kiswahili, akate hapa, si pale. Mkulima akaitikia.

Walifika nyumbani jua likiwa bado linajaribu kupenya mawingu. Shemeji alifungua mlango, mtoto begani, akamtazama Darubini kuanzia kilemba ambacho hakuwa nacho hadi nailoni aliyokuwa nayo. Akamtazama mama yake. Akasema tu, "Ingieni," kisha akageukia ukutani, mtoto akaanza kuruka ruka begani kwa kicheko cha mama yake.

Jioni hiyo mama akampigia simu mke wa Darubini, akaweka sauti ya nje ili wote wasikie. Darubini alikuwa jikoni, mlango wazi.

"Mwanangu, matope yalimfika hapa," mama akasema, na ingawa simu haioni, akajigusa kifuani. "Mwavuli wote nimeumaliza kumvuta. Na wale kondoo walivyokuwa wakali! Mmoja ana mapembe."

Hakukuwa na pembe hata moja. Darubini akatokeza mlangoni kusahihisha, kama alivyozoea.

"Mume wangu," sauti ya mkewe ikaita kutoka kwenye simu, "ni kweli hayo?"

Akamtazama mama mkwe, ambaye alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi, mikono hewani bado, yuko katikati ya hadithi.

"Kweli tupu," akasema. "Tena pembe zenyewe zilikuwa mbili."

Akarudi jikoni alikoacha beseni. Alikuwa anafua kitenge kwa mikono yake, maji ya tatu sasa, na bado yalikuwa yanatoka ya kahawia.